Magnetaiti au maghemaiti: ugomvi wangu na unga mweusi

Mwonyeshe mkemia yeyote kichupa chenye unga mweusi unaorukia sumaku, atakujibu hapo hapo: magnetaiti, oksidi ya chuma yenye sumaku. Unga ukiwa wa kahawia atasema maghemaiti, oksidi ya chuma iliyo ndugu yake wa karibu. Kama angekuwa ameshika kipande cha jiwe, nisingebishana naye. Lakini unga ninaoushughulikia mimi una chembe zenye upana wa nanomita sita hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na kwa ukubwa huo jibu la macho halifai kitu. Hata jibu la mashine moja halifai. Nimechoka kukuta makala zinazotangaza "tumetengeneza chembe nano za magnetaiti", halafu ukitafuta ushahidi unakuta mchoro mmoja wa eksirei na picha moja nzuri ya hadubini. Leo acha nimwage yaliyo moyoni.

Kutengeneza wala si kazi. Unachukua chumvi mbili za chuma, moja ya Fe²⁺ (chuma kilichopoteza elektroni mbili) na nyingine ya Fe³⁺ (kilichopoteza tatu), kwa uwiano wa moja kwa mbili, unaziyeyusha kwenye maji yaliyopulizwa nitrojeni ili oksijeni itoke. Unakoroga kwa kasi na kumimina amonia. Maji yaliyokuwa na rangi ya chungwa yanageuka meusi tititi papo hapo. Ukiweka sumaku kubwa chini ya bika, unga wote unashuka. Unamwaga maji, unasuuza, unarudia. Ukianza asubuhi, jioni una unga wako. Baada ya hapo ndipo zinapoanza wiki na miezi ya kujiuliza: nimetengeneza nini?

Ili swali lieleweke, lazima tuingie ndani ya fuwele yenyewe. Mwaka 1915 W. H. Bragg huko Uingereza na Shoji Nishikawa huko Japani, kila mmoja kivyake, walionyesha jinsi atomi za magnetaiti zinavyokaa. Mpangilio huo unaitwa spineli. Ioni za oksijeni, ambazo ndizo kubwa, zimebanana kwa safu, na katikati yake zimebaki nafasi za aina mbili: zilizozungukwa na oksijeni nne, na zilizozungukwa na oksijeni sita. Kizio kimoja cha fuwele ni mchemraba wenye ubavu wa nanomita 0.8396. Ndani yake mna oksijeni 32, chuma 8 kwenye nafasi za nne, na chuma 16 kwenye nafasi za sita. Nafasi za nne zote zimeshikwa na Fe³⁺. Nafasi za sita zimegawanywa nusu kwa nusu kati ya Fe²⁺ na Fe³⁺, na kwenye joto la kawaida elektroni zinarukaruka kati yao kwa kasi kiasi kwamba kila chuma pale kinaonekana kuwa na chaji ya 2.5. Kurukaruka huko ndiko kunakoifanya magnetaiti ipitishe umeme vizuri kuliko oksidi nyingine za chuma.

Sasa ipe magnetaiti hiyo hewa. Fe²⁺ zinapoteza elektroni na kuwa Fe³⁺. Chaji lazima zisawazike, kwa hiyo baadhi ya chuma kinahama kutoka mahali pake na kuacha nafasi tupu. Oksijeni hazitikisiki, mifupa ya fuwele ni ile ile. Lakini sasa kati ya nafasi 24 za chuma katika kila kizio, kwa wastani zilizojaa ni 21 na theluthi moja tu, na pengo hilo liko kwenye nafasi za sita. Ubavu wa mchemraba unasinyaa hadi nanomita 0.8346 hivi. Hiyo ndiyo maghemaiti. Kwa maneno mengine, vitu viwili ninavyotakiwa kuvitenganisha vina umbo lile lile, oksijeni zile zile, na ubavu unaotofautiana kwa asilimia 0.6.

Mtu akiniambia tofauti ya asilimia 0.6 ni ya kupuuzwa, namuuliza anataka kuutumia unga huo kwa nini. Kama ni kwa ajili ya sumaku yake, na kwa kweli wengi wanautaka kwa hilo, iwe ni kung'arisha picha za MRI au kupasha joto uvimbe kwa mawimbi ya sumaku, basi magnetaiti ya kawaida ina usumaku wa takriban 92 Am²/kg na maghemaiti iko chini yake, kwenye 76 hadi 80. Chembe nano karibu kila mara hupata chini ya hapo, na ukiulizwa kwa nini, jibu limo kwenye mpangilio wa atomi: je, ni kwa sababu ya nafasi tupu? Ni kwa sababu atomi za usoni zimeelekeza usumaku wake kombo? Ni vyote viwili? Huwezi kujibu kama hujui chuma kimekaa wapi.

Ubaya ni kwamba kipimo kilichozoeleka zaidi ndicho kinachoshindwa mapema.

Namaanisha difraksheni ya eksirei: unapiga sampuli kwa eksirei na kusoma zinatawanyika kwa pembe zipi. Siidharau hata kidogo. Ndiyo iliyotufungulia mlango mwaka 1912, pale Max von Laue na wenzake walipopitisha eksirei kwenye fuwele na kuona madoa yaliyopangika, halafu akina Bragg, baba na mwana, wakaonyesha jinsi ya kuyasoma. Mwaka 1916 Debye na Scherrer wakathibitisha kwamba huhitaji fuwele moja kubwa, hata unga unatosha. Na mwaka 1918 Scherrer akaandika ile hesabu ambayo kila mwanafunzi wa nano anaijua usingizini: chembe zikiwa ndogo, vilele kwenye mchoro vinanenepa.

Hapo ndipo kisu kinapogonga mfupa. Kwa eksirei za shaba, zenye urefu wa wimbi wa nanomita 0.15406, kilele kikubwa cha magnetaiti kinakaa kwenye pembe ya nyuzi 35.4. Cha maghemaiti kiko kwenye 35.65. Umbali kati yao ni robo ya nyuzi. Sasa piga hesabu ya Scherrer kwa chembe ya nanomita 6: unene wa kilele ni takriban nyuzi 1.4. Yaani vilele viwili vilivyoachana kwa robo ya nyuzi, kila kimoja kikiwa kinene zaidi ya mara tano ya umbali huo, vimelaliana. Kwenye mchoro wangu kuna kilima kimoja kipana chenye mabega ya duara, na kila mtu anakiona anachotaka kukiona.

Maghemaiti ina vilele vingine vidogo, karibu na nyuzi 15, 24 na 26, ambavyo hujitokeza pale nafasi tupu zinapojipanga kwa utaratibu badala ya kutawanyika ovyo. Vikiwepo, umepata jambo la maana. Visipokuwepo, hujapata kitu: huenda ni magnetaiti, huenda ni maghemaiti ambayo nafasi zake tupu hazikujipanga, huenda ni vilele vidogo mno vilivyozama kwenye kelele. Wapo wanaopima ubavu wa kizio, wakapata mathalani 0.837, wakachora mstari ulionyooka kati ya 0.8396 na 0.8346 na kutangaza "nusu kwa nusu". Mimi hesabu hiyo naitazama kwa jicho la pembeni. Unga ukikaa juu kidogo au chini kidogo ya usawa wa kishikio cha sampuli, vilele vyote vinasogea, na msogeo huo unaweza kujifanya badiliko la ubavu. Tena, uso wa chembe wenyewe unaubana au kuutanua mpangilio wa atomi, bila Fe²⁺ kuhusika.

Na uso ni jambo kubwa kuliko tunavyoliongelea. Chembe ya nanomita 6 ina chuma takriban 4,500 na oksijeni takriban 6,000. Kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ni vizio saba tu. Ukilihesabu ganda la nje lenye unene wa nanomita 0.3, zaidi ya robo ya atomi zote zimo humo. Atomi hizo zimekosa majirani upande mmoja, zimeshikana na maji au na mabaki ya amonia, zimejivuta ndani au kujisukuma nje. Fuwele ya vitabuni inajirudia bila mwisho pande zote. Hii ya kwangu inajirudia mara saba halafu inakwisha.

Si oksidi ya chuma peke yake inayofanya visa. Oksidi ya titani, TiO₂, kwa vipande vikubwa hutulia ikiwa na mpangilio wa rutili, lakini chembe zikiwa chini ya nanomita 14 hivi, anatasi ndiyo inayotulia, kwa sababu uso wake unagharimu nishati kidogo. Oksidi ya zirkoni yenye mpangilio wa pembemraba, ambayo kwa kawaida huipati mpaka upandishe joto kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, inaweza kudumu kwenye joto la kawaida chembe zikiwa ndogo vya kutosha. Na oksidi ya seriamu, badala ya kusinyaa kadiri chembe zinavyopungua, hutanuka: baadhi ya Ce⁴⁺ zinageuka Ce³⁺, ambazo ni nene zaidi, na oksijeni zinatoroka. Kwa hiyo anayesema chembe nano ni kipande kidogo cha kitu kikubwa, mwambie aanze upya.

"Si uangalie tu kwa hadubini?" Swali hili naulizwa na kila mgeni anayepita maabara, na sina haki ya kulikasirikia. Tangu Ernst Ruska na Max Knoll waunde hadubini ya elektroni mwaka 1931, ndoto imekuwa ni kuziona atomi. Elektroni iliyosukumwa kwa kilovolti 200 ina urefu wa wimbi wa pikomita 2.5, ndogo mara themanini hivi kuliko umbali kati ya chuma na oksijeni. Kilichokwamisha mambo kwa miongo mingi ni lenzi za sumaku, ambazo zina dosari ya kimaumbile isiyokwepeka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Harald Rose, Maximilian Haider na Knut Urban waliirekebisha kwa kuongeza lenzi nyingine zenye dosari iliyo kinyume, na Ondrej Krivanek akafanya hivyo hivyo kwa hadubini zinazopapasa sampuli nukta kwa nukta. Mwaka 2020 wote wanne walipata tuzo ya Kavli, na kwa maoni yangu ilichelewa.

Kuandaa sampuli yenyewe kunahitaji mkono mtulivu. Kuna kiwavu cha shaba chenye upana wa milimita 3, kimefunikwa utando wa kaboni mwembamba kiasi kwamba ukipumua vibaya unapasuka. Unakishika pembeni kabisa kwa kibano chenye ncha kali. Unga umeshatikiswa kwenye ethanoli kwa mawimbi ya sauti mpaka maji yamekuwa na rangi ya chai hafifu. Yakiwa meusi bado, ongeza ethanoli, la sivyo utaona milima ya chembe zilizopandana na hakuna hata moja iliyosimama peke yake. Tone moja, unasubiri likauke, unageuza kibano kwenye mwanga uone kama utando umebaki mzima. Kiwavu kikiwa na mafuta, hata yale ya vidoleni, mwali wa elektroni utayakusanya yote pale unapotazama, na ndani ya dakika chache chembe yako itazama kwenye doa jeusi la kaboni.

Ila mambo yakienda sawa, jamani, ni raha. Chembe inajitokeza ikiwa na mistari iliyonyooka, unapima umbali kati ya mistari kwenye skrini: nanomita 0.485, hiyo ni safu inayoitwa 111 (namba hizi hutaja mwelekeo wa safu ndani ya fuwele). Unageuza sampuli kidogo, 0.297, hiyo ni ya 220. Kwenye chembe fulani niliyoitazama hivi karibuni mistari ya katikati ilikuwa imenyooka kabisa, lakini karibu na ukingo ilipinda kidogo na kufifia, na upande mmoja wa chembe kulikuwa na ngazi ya atomi, safu moja imekatika katikati ya njia. Hakuna mchoro wa eksirei utakaokuonyesha ngazi hiyo.

Kisha unakumbuka kwamba miligramu moja ya unga huo ina chembe zaidi ya trilioni elfu moja. Umetazama ngapi? Na umechagua zipi? Kila anayekaa kwenye kiti kile, akiwemo huyu anayeandika, anasogeza sampuli mpaka apate chembe iliyokaa vizuri, yenye mistari safi. Zile zilizovurugika hatuzipigi picha. Tena, picha ni kivuli cha atomi zote zilizopangana kutoka juu hadi chini, kimebanwa kwenye bapa moja. Oksijeni nayo ni nyepesi, ina protoni 8 mbele ya 26 za chuma. Katika mbinu inayotumika zaidi, ile inayokusanya elektroni zilizotawanyika kwa pembe pana, mwangaza unakua karibu na mraba wa namba hiyo, kwa hiyo oksijeni inamezwa. Zipo mbinu mpya zaidi zinazoionyesha, lakini zinataka sampuli nyembamba na mwali uliotulia.

Halafu kuna jambo ambalo hadubini hailisemi kwa sauti: inabadilisha inachokitazama. Oksidi ziko ndani ya ombwe, zinapigwa na elektroni, oksijeni zinang'oka. Seriamu ndiyo mfano ulio wazi: ukiipima chaji yake huku mwali umewashwa, unaweza kuiona Ce⁴⁺ ikigeuka Ce³⁺ mbele ya macho yako, kuanzia usoni. Chuma nacho hakijakingwa. Sasa kama swali langu lote ni kiasi gani cha Fe²⁺ kimo, na chombo changu kinaweza kutengeneza Fe²⁺, nitaamini vipi jibu? Ninachofanya ni kupunguza mwali mpaka picha iwe na chengachenga, na kupima chembe ile ile tena na tena kuona kama jibu linasogea. Likisogea, najua nimechelewa.

Kipimo ambacho nimekuja kukipenda kuliko vyote hakina picha ya kuonyesha mgeni. Kinaitwa PDF (kwa Kiingereza pair distribution function), na hapana, hakihusiani na mafaili ya kompyuta. Wazo lake ni hili: badala ya kutazama vilele vya difraksheni peke yake, unakusanya mtawanyiko wote wa eksirei, vilele na kile kinachobaki kati ya vilele, mpaka pembe za mbali kabisa, kisha unaubadilisha kihesabu kuwa orodha ya umbali. Unachopata ni mchoro unaosema: katika unga huu, jozi za atomi zilizoachana kwa nanomita kadhaa ni nyingi kiasi gani. Ni kama kupewa jedwali la umbali kati ya miji yote ya nchi bila ramani na bila majina ya miji. Kazi yako ni kuichora ramani.

Uzuri wake ni kwamba hakihitaji fuwele ijirudie bila mwisho. Vizio saba vinatosha. Hata kioevu kinapimika. Ugumu wake ni kwamba eksirei za shaba hazifiki mbali. Unahitaji eksirei zenye nishati kubwa, na kwa kazi safi hiyo maana yake ni sinkrotroni, mtambo mkubwa unaozungusha elektroni kwa kasi ili zitoe eksirei kali. Vituo kama Advanced Photon Source kule Marekani, PETRA III mjini Hamburg au Diamond huko Uingereza vina mistari maalumu ya eksirei, yaani sehemu za kupimia, kwa ajili hiyo. Unaomba muda, ombi linapitiwa na jopo, ukikubaliwa unapewa saa zako na unazitumia usiku na mchana. Kuna maabara zinazotumia mirija ya fedha au molibdeni, na matokeo yake si mabaya, ila kipimo kinachochukua dakika pale huku kinachukua siku nzima au zaidi.

Unga unajazwa kwenye mrija wa kioo mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti, na mdomo wake unazibwa. Jambo ambalo wageni hulipuuza ni mrija mtupu. Lazima upime mrija mtupu wa aina ile ile, mahali pale pale, kwa muda ule ule, kwa sababu kioo nacho kinatawanya eksirei na utakiondoa baadaye kwenye hesabu. Ukikiondoa vibaya, mawimbi ya uongo yanajitokeza mwanzoni mwa mchoro na unaweza kuyaandikia makala nzima.

Sasa tazama mchoro wa unga wangu. Kilele cha kwanza kiko karibu na nanomita 0.2: hao ni chuma na oksijeni walioshikana moja kwa moja. Kinachofuata kiko 0.297: chuma na chuma, wote kwenye nafasi za sita, wakishirikiana oksijeni mbili. Kisha 0.348: chuma cha nafasi ya sita na cha nafasi ya nne, wakishirikiana oksijeni moja. Hivi viwili vya mwisho ndivyo ninavyovikodolea macho. Nafasi za sita zikiwa tupu kwa kiasi fulani, kilele cha 0.297 kinapungua urefu kuliko jirani yake, kwa sababu jozi hiyo inahitaji wote wawili wawepo kwenye nafasi za sita. Ukiendelea kulia, vilele vinafifia taratibu mpaka vinakwisha kabisa umbali ukifika upana wa chembe: hakuna jozi ya atomi iliyoachana kwa nanomita 7 ndani ya chembe ya nanomita 6. Mara nyingi vinakwisha mapema kidogo kuliko upana unaoonekana kwenye hadubini, na hiyo yenyewe ni habari. Ina maana ganda la nje halijapangika kama katikati.

Lakini jedwali la umbali bado si ramani. Mwaka 2007 Simon Billinge na Igor Levin waliliandikia tatizo hili katika jarida la Science, na tangu wakati huo hoja yao haijachakaa: kwa fuwele kubwa data zinazidi vitu unavyotafuta, kwa chembe nano ni kinyume chake, na njia pekee ni kuunganisha vipimo vya aina tofauti kwenye modeli moja. Programu za kompyuta zitakupa modeli inayokaa vizuri juu ya data zako. Zitakupa na nyingine tofauti kabisa inayokaa vizuri vile vile. Modeli kukaa kwenye data hakunitulizi hata kidogo siku hizi. Nataka kujua ni modeli ngapi zimekataa kukaa.

Kwa chuma tuna bahati ambayo wenzetu wa titani hawana, nayo ni kipimo cha Mössbauer. Rudolf Mössbauer aligundua msingi wake mwaka 1958 na kupata Nobel mwaka 1961. Chanzo cha kobalti-57 kinatoa miale ya gama yenye nishati ya keV 14.4, kinasogezwa mbele na nyuma kwa milimita chache kwa sekunde, na viini vya chuma-57 kwenye sampuli vinaimeza miale hiyo kwa kasi tofauti kidogo kutegemea chaji na majirani. Mwaka 2004 magari ya NASA ya Spirit na Opportunity yalitua Mirihi yakiwa na kifaa cha aina hii kidogo cha kushika mkononi, na madini ya chuma ya kule yalitambuliwa hivyo. Mimi chombo changu kimejaza meza nzima. Na kwa kuwa nusu ya kobalti huisha kila siku 272, chanzo kikizeeka kipimo kinakwenda polepole mpaka unasahau ulikuwa unapima nini.

Kwa jiwe, Mössbauer inakata mzizi wa fitina kwenye joto la kawaida: magnetaiti inatoa seti mbili za mistari sita, maghemaiti inatoa zinazokaribia kuwa moja. Kwa chembe zangu mistari sita inaporomoka kuwa miwili, kwa sababu usumaku wa chembe ndogo hivyo unapinduka haraka kuliko kipimo kinavyoweza kuufuata. Dawa ni kupoza sampuli kwa heliamu kioevu mpaka kelvini 4.2, upinduke polepole. Gharama yake naijua, siitaji hapa.

Ukiviweka vyote pamoja, unga wangu unasema nini? Katikati ya chembe kuna Fe²⁺, si nyingi kama kwenye magnetaiti kamili. Kuelekea nje zinapungua, na usoni hakuna za kuhesabika. Hakuna mpaka kati ya huku na kule. Mwenzangu wa maabara anapenda kuchora duara jeusi ndani ya pete ya kahawia, kiini na ganda, na mchoro huo unapendeza kwenye mabango ya mkutano. Namwambia kila mara kwamba hatujawahi kupima mstari huo anaouchora. Ninachokubali kuandika ni Fe₃₋δO₄, ambapo δ sifuri ni magnetaiti, δ theluthi moja ni maghemaiti, na unga wetu uko mahali fulani katikati, kwa wastani, siku ulipopimwa.

Maneno "siku ulipopimwa" si urembo. Unga huu unaendelea kula oksijeni ukiwa ndani ya kichupa. Nikisoma makala ya mtu sasa hivi, kabla ya kutazama michoro yake natafuta vitu vitatu vidogo: unga ulikaushwa kwenye joto gani, ulikaa kwenye hewa kwa muda gani kabla ya kupimwa, na kama sampuli ya eksirei, ya hadubini na ya Mössbauer zilipimwa zikiwa na umri mmoja. Mara nyingi hakuna hata kimoja kilichoandikwa, na hapo sina namna ya kulinganisha δ yao na yangu.

Kwa hiyo hatua yetu inayofuata ni ya kuchosha na haina picha nzuri: kundi moja la unga, sehemu imefungwa ndani ya nitrojeni, sehemu imeachwa hewani, zote zipimwe kwa PDF na Mössbauer kwa vipindi, bila kuchagua chembe. Ombi la muda wa sinkrotroni limeshatumwa. Majibu huja kwa barua pepe, na mara nyingi huwa ni hapana, omba tena awamu ijayo.